UCHAMBUZI: Mzigo wa blokcheni waubebe msingi au ghorofa?

MACHI 26, 2025, mtandao wa Celo uliacha kuwa blokcheni inayojitegemea na kugeuka tabaka la pili juu ya Ethereum. Katika vijiji vya Kilifi na Kwale, ambako vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo hutumia vocha za Sarafu zilizosajiliwa kwenye Celo, tukio hilo lilipita bila kelele. Anwani na salio vilibaki vilevile.

Hata hivyo, chini ya ukimya huo kuna swali linalowahusu moja kwa moja: katika mfumo wa aina hii, ugumu uwekwe wapi?

Blokcheni ni daftari la hesabu linalonakiliwa katika kompyuta nyingi ili asitokee mmoja wa kulifuta kwa siri. Kadiri kazi zinavyoongezwa katika daftari lenyewe, yaani tabaka la msingi, ndivyo linavyozidi kuwa zito na ghali kukaguliwa. Zikihamishiwa tabaka la pili, msingi hubaki mwepesi lakini njia ya mtumiaji huongezeka vituo.

Mvutano huo uliwagawa watumiaji wa Bitcoin mwaka 2017. Kundi moja lilitaka bloku ziongezwe ukubwa ili malipo mengi yapite katika msingi. Jingine lilisisitiza kuwa mtu wa kawaida aendelee kuweza kukagua daftari zima kwa kompyuta yake, na malipo madogo yapelekwe juu. Agosti 1 mwaka huo, kundi la kwanza lilijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash.

Ethereum nayo ilielekea kwenye matabaka. Mageuzi yake ya Machi 2024 yaliyapa matabaka ya pili nafasi ya bei nafuu ya kuhifadhi data, na ada zikashuka sana. Celo nayo iliona faida ya kuegemea ulinzi wa Ethereum badala ya kutegemea wathibitishaji wake pekee.

Faida hiyo ina gharama. Katika matabaka ya pili, miamala kwa kawaida hupangwa na mtambo mmoja. Ukizimika, foleni husimama. Celo ilipoanza maisha mapya ilihifadhi data yake katika mfumo mwingine, EigenDA, hivyo kuongeza kiungo cha kutegemewa. Aidha, mifumo mingi ya aina hii huweka kipindi cha pingamizi cha takriban siku 7 kabla ya fedha kurejeshwa kwenye msingi.

Kwa shirika la Grassroots Economics, lililoasisi Sarafu, hii si safari ya kwanza. Mwaka 2013 ilizinduliwa Bangla-Pesa, vocha za karatasi katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa. Karatasi ilikuwa na tabaka moja ambalo kila mtu aliliona kwa macho, lakini ilikuwa vigumu kufuatilia mzunguko wake. Mwaka huohuo mwasisi Will Ruddick na wenzake walikamatwa, kisha mashtaka yakaondolewa. Kufikia mwaka 2020, miamala ya Sarafu ilikuwa ikiandikwa kwenye blokcheni ya xDai, kabla ya kuhamia kwingine.

Lakini mjadala wa matabaka mawili unasahau la tatu. Mama muuza mboga mwenye kabambe hafikii Celo wala Ethereum. Hubonyeza namba za USSD, na seva ya shirika hutia saini kwa niaba yake. Funguo zake ziko mikononi mwa mwingine. Usalama wote wa Ethereum hauwezi kumlinda iwapo seva hiyo itavamiwa au kufungwa. Ugumu haukuondoka; umehamia kwa msimamizi anayeaminiwa.

Imani yenyewe si kasoro. Mweria, desturi ya Wamijikenda ya kusaidiana kazi kwa zamu, imesimama juu ya imani miaka mingi. Tofauti ni kwamba katika mweria aliyekwepa zamu anajulikana kwa jina, nyumba na ukoo, ilhali msimamizi wa seva yuko mbali.

Oktoba 2025, Rais William Ruto alitia saini sheria inayowapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali. Wasimamizi hao watafanya vyema kuuliza mambo matatu: nani anashika funguo, mtambo ukizimika nani anawajibika, na mwanakijiji atarejeshewa haki yake kwa njia gani. Majibu ya maswali hayo yatamfaa mkazi wa Malindi au Ganze kuliko hesabu ya miamala kwa sekunde.