Tunanunua Swichi, Hatulei Wahandisi

Taasisi zetu za umma zinajua bei ya swichi. Ni chache zinazojua gharama ya kumlea mtu wa kuisimamia. Hoja yangu ni kwamba shida ya intaneti vyuoni, hasa vile vilivyo mbali na miji mikubwa, haiko tena katika waya unaotoka nje. Iko ndani ya uzio.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani ya Dar es Salaam mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na chuo kizima kiligawana kasi ambayo leo simu moja huipita. EASSy ikafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukatandazwa mikoani. Hata hivyo, mara nyingi mwanafunzi bado hununua bando kwa fedha yake huku chuo kikilipia intaneti kila mwezi. Fedha hiyo inapotelea wapi? Mara nyingi inapotelea kati ya chumba cha mitambo na bweni.

Tuitazame Lushoto. Ukipanda kona za kutoka Mombo unakuta Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kituo cha utafiti wa misitu cha TAFORI, hospitali na ofisi za halmashauri. Chuo hicho kinaandaa watumishi wa Mahakama ambayo sasa inapokea mashauri kwa njia ya kielektroniki. Karani aliyesomea mahali ambapo mtandao unazimika kila mvua inaponyesha ataujuaje mfumo atakaoukuta kazini?

Na milima ya Usambara haimwonei huruma fundi wa kubahatisha. Majengo hukaa kwenye matuta tofauti ya mlima, wakati waya wa shaba hauaminiki ukizidi mita 100. Waya huohuo ukivutwa nje kati ya jengo na jengo huwa njia ya radi. Faiba, kwa kuwa ni kioo, haibebi umeme. Kiungo cha redio nacho kinataka minara ionane, na mti uliopandwa jana utakua. Mhandisi aliyefunzwa huanza na ramani. Huchagua kitovu kimoja, akavuta faiba kutoka hapo hadi kila jengo, kisha akaugawa mtandao vipande ili hitilafu ya bweni isimfikie mhasibu. Asiyefunzwa huunganisha swichi kwa swichi kama mnyororo. Siku ya makabidhiano kila taa inawaka na mgeni rasmi anapiga makofi. Baadaye swichi ya katikati inakufa, na wote walio mbele yake wanabaki gizani. Au mtu anachomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ileile, na kampasi nzima inasimama bila yeyote kujua pa kuanzia.

Elimu ya kuyazuia haya ipo, tena karibu. Jumuiya ya waendesha mitandao barani, AfNOG, imekuwa ikitoa mafunzo ya vitendo tangu mwaka 2000, na mwaka 2011 ilikutana Dar es Salaam. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, hufundisha usanifu wa mitandao ya vyuo kwa kushirikiana na mitandao ya elimu ya Afrika. Kenya ina KENET. Sisi tuna TERNET. Lakini warsha ya wiki moja haimtoshi mtu anayerudi kazini na kukuta printa sita zinamngoja. Mitaala yetu nayo inafundisha amri za vifaa vya kampuni moja, na mhitimu anaweza kukokotoa anwani za mtandao ubaoni bila kuwahi kupanda darini kufuata kebo. Mtandao wa chuo chenyewe ungepaswa kuwa maabara yake, chini ya mhandisi mzoefu, kwa mwaka mzima.

Nitaambiwa kwamba tukiwafunza wataondoka, waende kampuni za simu. Baadhi wataondoka, naam. Ndiyo sababu hafunzwi mmoja. Na kwa Lushoto sioni kwa nini kila taasisi ihangaike na ofisa wake mpweke; timu moja ya wahandisi wanne, inayochangiwa na chuo, hospitali, watafiti na halmashauri, ingeweza kupokezana zamu, kurithishana ujuzi na kulipwa mshahara wa kumbakiza mtu mlimani.

Wakati hilo likijadiliwa, maofisa ununuzi wanaweza kuanza na zabuni ijayo. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho mpaka akabidhi michoro ya kila kebo, nywila za kila kifaa, na watumishi wawili wa taasisi waliofunga mtandao huo pamoja naye tangu siku ya kwanza.