Tusiimimine Tindikali
Maji yakituama miguuni bafuni, wengi wetu hapa Mji wa Kale tunakimbilia tindikali. Tafadhali, tusiimimine. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na vyote viwili tindikali huviyeyusha. Bomba likivuja chini ya sakafu, inayoliwa ni nyumba yenyewe. Kinachoziba mara nyingi ni nywele zilizoshikana kwa mafuta ya nazi na utando wa sabuni, kwani maji ya visima vyetu ni magumu na sabuni haitoi povu vizuri. Ng'oa kichujio, ingiza waya uliopindwa ncha kama ndoana, uvute taratibu. Litatoka fundo jeusi, refu, lenye kunuka. Kisha mwaga ndoo ya maji ya moto, yasiwe ya kuchemka ikiwa bomba ni la plastiki.