1965: Kitabu cha maboyi wa Lubumbashi kingali nje ya mlango wa shule

Mwanafunzi wa Congo akiulizwa nini kilitokea mwaka 1965, atajibu haraka: tarehe 24 Novemba, Mobutu alitwaa madaraka. Jibu ni la kweli, lakini ni nusu. Mwaka huohuo, katika mji ulioitwa bado Elisabethville, watu waliofanya kazi katika nyumba za wazungu, wale walioitwa maboyi, walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili. Aliyeiandika ni André Yav. Jina la kitabu linaanza na neno la Kifaransa, « Vocabulaire », lakini ndani ni Kiswahili cha mji, kama kilivyosemwa sokoni na jikoni.

Mwaka uliofuata serikali ilifuta jina la Elisabethville, mji ukaitwa Lubumbashi. Wazee hao walikuwa wameandika kwa wakati. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi kwa nini mwaka 1965 hauhesabiwi katika historia ya fasihi ya Congo? Shuleni, watoto wanaambiwa juu ya Paul Lomami Tchibamba, ambaye « Ngando » yake ilipata tuzo Brussels mwaka 1948. Wanaambiwa juu ya Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyetoa « Entre les eaux » mwaka 1973. Hao ni waandishi wakubwa na hakuna wa kuwaondolea heshima. Ila wote wawili waliandika kwa Kifaransa. Mpishi na mfua nguo walioandika kwa Kiswahili wanaachwa nje, kama walivyoachwa kwenye mlango wa nyuma wa bwana wao.

Wanaowakataa wana sababu mbili. Ya kwanza: Kiswahili chao si bora. Ni kweli, maneno yameandikwa jinsi yalivyosikika, na mengine yameshikamana. Ndiyo maana mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kukielewa, alimwomba Kalundi Mango, mtu wa Lubumbashi, akisome kwa sauti. Kiliposomwa, maana ikafunguka. Kosa basi si la lugha. Kitabu hicho kinataka masikio, na watu wa Congo wanayo.

Sababu ya pili: eti hiyo ni historia, si fasihi. Lakini tangu lini masimulizi ya wazee yalitengwa na fasihi? Anayepanga habari za miaka mingi, akachagua la kusema na la kunyamazia, huyo ni mwandishi, hata kama jana alikuwa akipiga pasi.

Aibu iko hapa: kitabu kilichapishwa mwaka 1990 nje ya Afrika, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo wanakisoma. Watoto wangapi wa Kamalondo na Katuba wamekisikia? Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa na kulipa dola jukumu la kuziendeleza bila ubaguzi. Sheria iko, lakini darasani haionekani.

Jambo hili linagusa familia zilizohama vita kuliko mtu mwingine yeyote. Mateso yao yanaandikwa kila siku, lakini katika ripoti za Kifaransa na Kiingereza ambazo wao wenyewe hawazisomi. Ndani yake mama anakuwa namba, na kijiji chake kinakuwa « eneo ». Jina la mto, la soko, la mzee aliyegawa mashamba, yote yanabaki kichwani mwa watu wanaozeeka mbali na kwao.

Maboyi wa Elisabethville hawakungoja ruhusa ya profesa. Wizara ya elimu iingize kitabu chao katika masomo ya fasihi. Redio za jamii zikisome hewani, kwa kuwa ndivyo kinavyoeleweka. Na katika kila familia iliyokimbia, kijana mmoja achukue daftari, akae na bibi yake, aandike kijiji chao kwa Kiswahili wanachokisema nyumbani. Atakayecheka tahajia yao kwanza aonyeshe yeye ameandika nini.