UMEKWISHA KUMWAMBIA YEYE MWENYEWE?



Kila magaribi watu wanakuja kwangu na mashitaka. "Kapita, fulani amechukua ndoo yangu." "Kapita, fulani ananichekaka mbele ya wasichana." Namwuliza: umekwisha kumwambia yeye mwenyewe? Karibu wote wanajibu: hapana. Lakini dortwari yote wamekwisha kuambiwa, kalasi yote, hata mpishi. Mwenye kushitakiwa njo anakuwa mtu wa mwisho kusikia, na habari imekwisha kutiwa chumvi. Anakuja na hasira, rafiki zake nyuma. Hapo ndoo imesahauliwa, tunagombana juu ya maneno tu.

Wote tumesoma Matayo 18, kuanzia mstari wa 15. Yesu anapanga njia: kwanza wewe na yeye, ninyi wawili peke yenu. Akikataa kusikia, chukua mtu mmoja ao wawili. Kanisa linakuja nyuma. Siye tunageuza: tunaanza kwa kanisa, na kwa mwenyewe hatufiki!

Na kuongea kuna ginsi yake. "Wewe ni mwizi" si sawa na "ndoo yangu ilikosekana, nikachelewa kwa sala ya asubuhi." Neno la pili mutu anaweza kulijibu. La kwanza atalijibu kwa ngumi.

Jambo lingine linanichukiza sana. Wakubwa wa kalasi ya mwisho, wenzangu, wakikasirika wanamtupia mtoto aliyeingia mwaka huu Kifaransa kizito. Mtoto ananyamaza, nao wanasema amekubali kosa. Hakukubali, alikosa maneno! Kifaransa ni cha masomo, nakipenda, lakini ugomvi wa watu wawili uongewe kwa lugha ambayo wote wawili wanaweza kujitetea nayo.

Sisemi juu ya mutu aliyepigwa, wala msichana anayesumbuliwa na mukubwa. Huyo asitumwe kuongea peke yake na mwenye kumtesa. Aje mara moja, hata usiku.

Kwa mengine, sisi makapita tumepatana. Kuanzia juma hili tutauliza kwanza lile ulizo moja. Ukijibu hapana, tutakurudisha. Ukiogopa, tutakusindikiza mpaka kwa mwenzako na tutasimama karibu, lakini hatutaongea mahali pako.

Kapita wa wanafunzi