Pima Kabla ya Kukata

Wengi wetu hapa Silver Spring na Alexandria tunaishi chumba kimoja, na fundi wa mtaani hayupo. Pateni za wabunifu wadogo hununuliwa mtandaoni, ukazichapa nyumbani na kuunganisha karatasi kwa gundi. Chapa kwa asilimia 100, kisha pima kisanduku cha majaribio kwa rula. Kikipungua, nguo nzima itabana. Shonea shuka kuukuu kwanza: khanga aliyokutumia mama ukishaikata vibaya, huipati tena. Sakafu, watoto wakishalala, ndiyo meza ya kukatia. Cherehani haina pa kukaa? Maktaba ya Martin Luther King Jr., katikati ya Washington, ina karakana yenye cherehani. Kaulizie utaratibu wake.