MWANACHUO ASIACHWE PEKE YAKE DARASANI

Kila mwaka wanachuo wa vyuo vyetu vya ualimu hupelekwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Chuoni wamekwisha kusomeshwa saikolojia ya elimu na jinsi ya kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Mashuleni ndiko elimu hiyo inakopimwa, mbele ya watoto 60, 80, na pengine zaidi ya 100 katika chumba kimoja.

Lakini katika shule nyingi mwanachuo hupokewa kama mtu aliyekuja kuziba pengo. Hukabidhiwa chaki na vipindi vyote, naye mwalimu wa somo huondoka kwenda kwenye shughuli nyingine. Hatuwalaumu sana walimu hao. Uhaba wa walimu si siri, na aliyeelemewa na mzigo hushukuru akipata wa kumtua. Hata hivyo, mtindo huo unamdhulumu mwanachuo, na unawadhulumu zaidi watoto.

Mwanachuo mgeni huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo!" naye hufuta ubao na kuendelea. Au humtaja mwanafunzi kwanza ndipo aulize swali, na papo hapo wengine wote huacha kufikiri, kwa kuwa zamu si yao. Mwalimu mzoefu huuliza kwanza, akatulia, kisha ndipo akataja jina. Mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani, aliyechunguza masomo ya sayansi, alieleza mwaka 1974 kwamba walimu wengi walingoja jibu kwa kama sekunde moja tu. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, na waliojitokeza kujibu wakaongezeka. Sekunde hizo mbili hazina gharama yoyote katika bajeti ya Serikali. Lakini mwanachuo hatajua kwamba hangoji, mpaka awepo mtu nyuma ya darasa wa kumwambia.

Mtu huyo hawezi kuwa mkufunzi peke yake. Mkufunzi huja mara chache, na siku akija somo hugeuka maonyesho: zana zilizofungiwa kabatini hutolewa, na watoto huwa wameonywa tangu asubuhi. Alama hupatikana, ufundi haupatikani.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Mpango ule ulikuwa na kasoro zake, lakini ulitambua kwamba shule nayo ni mahali pa kumfunza mwalimu.

Tunashauri kwamba juma la kwanza mwanachuo asifundishe kabisa, bali aketi nyuma na kuangalia. Baada ya hapo mwalimu mwenyeji abaki darasani walau nusu ya vipindi, na mazungumzo yao yafanyike faraghani, si mbele ya wanafunzi. Kazi hiyo ihesabiwe kuwa vipindi halali vya mwalimu huyo, maana si haki kumdai hisani isiyo na mwisho. Wapangao ratiba ni walimu wakuu wenyewe. Wanaweza kuanza muhula huu bila kungoja waraka kutoka wizarani.