Nani alipie nguzo na waya?



Tunapotuma picha kwa simu, picha hiyo haibaki hewani. Hupokelewa na kuhifadhiwa katika jumba lenye maelfu ya kompyuta zisizozimwa usiku wala mchana. Majumba hayo, yaitwayo vituo vya data, hutumia umeme mwingi mno. Nchini Ireland, mwaka 2015 yalitumia asilimia 5 ya umeme wote uliopimwa kwa wateja. Mwaka 2023 yalifikia asilimia 21. Huko Marekani, kaskazini mwa jimbo la Virginia, yamesongamana kuliko mahali pengine popote duniani.

Vituo vya namna hii vinapoongezeka, nyaya zilizopo hazitoshi. Sharti nguzo mpya zisimikwe na transfoma kubwa zinunuliwe. Nani alipe? Katika nchi nyingi gharama za mtandao wa umeme hugawanywa kwa wateja wote. Hivyo mjane mwenye taa mbili na redio hujikuta akichangia waya ambao haukuvutwa kwa ajili yake. Tena kampuni ikighairi mpango wake, nguzo hubaki zimesimama, na deni huwaangukia majirani.

Sisi Wakongo tunalifahamu jambo hili. Mwaka 1982, nchi yetu ilipoitwa Zaire, ulikamilika waya mkuu wa Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilometa 1700 hivi, ili umeme wa mto Kongo ufike kwenye migodi ya Shaba, yaani Katanga. Ulijengwa kwa mikopo ya ng'ambo, na deni likawa la taifa zima. Lakini umeme unaosafirishwa kwa namna ile hauwezi kuchotwa njiani bila mitambo ya gharama kubwa. Basi waya ukapita juu ya vijiji vingi vilivyobaki gizani. Waliobebeshwa deni hawakupata mwanga.

Wako wasemao kwamba vituo vya data huleta kodi, na kwamba sote twavitumia. Ni kweli. Lakini mwenye kutumia huduma na ailipie katika bei ya huduma hiyo, wala gharama isifichwe katika malipo ya taa ya jirani asiye na simu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni tajiri inayokaribishwa nayo ishike jembe.

Jambo hilo linawezekana. Mwezi wa Julai 2025, wasimamizi wa umeme wa jimbo la Ohio, Marekani, waliamua kwamba vituo vipya vikubwa katika eneo la kampuni ya AEP Ohio vitalipia angalau asilimia 85 ya umeme vilioomba, hata visipoutumia wote, kwa muda wa hadi miaka 12. Twaona uamuzi huo ni wa haki: mwenye kuomba mzigo ajifunge kuubeba kabla haujatwishwa wengine.

Kesho kampuni ya migodi au ya kompyuta itaomba waya katika jimbo letu. Tusingoje deni lifike ndipo tuanze kulalamika. Tuulize mapema, kwa adabu na bila woga: nani anauomba waya huu, nani ataulipia, na nani ataachwa gizani chini yake?